Mkono wa Pantaleo Kwenye Gia

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa tisa alasiri, Pantaleo alimshinda Gregory kwa urefu wa magari mawili katika mashindano ya magari ya barabara ya vumbi iendayo Ushetu. Pantaleo alikuwa fundi wa giaboksi mjini Kahama, na gari lake lilikuwa Subaru kuukuu ya gia za mkono, aliyoifufua mwenyewe. Gregory alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Gari lake jipya halikuwa na klachi. Lilikuwa na vibao viwili vidogo nyuma ya usukani, cha kulia cha kupandisha gia na cha kushoto cha kushusha, na dereva hakuwa na haja ya kuachia usukani hata mara moja.

Kwenye tambarare lilimwacha Pantaleo kama aliyeegesha. Lakini kwenye kona ya korongoni, kabla ya kilima, Gregory alivuta kibao cha kushoto akitaka gia ya pili, na kompyuta ya gari ikakataa, ikihofia injini. Akavuta tena, ikakataa tena. Pantaleo hakuwa na wa kumkatalia. Alikanyaga klachi, akaivuta gia ya pili kwa mkono wa kushoto, injini ikapiga yowe, akapita.

Watu walicheka. Mmoja alisema Gregory amenunua gari linalomshauri. Gregory naye alicheka, akaenda kumpongeza Pantaleo, akautazama mkono wake wa kushoto kwa muda.

Kesho yake, baada ya misa ya kwanza, Sostenes aliingia gereji na wenzake wawili. Sostenes alikuwa mtu wa Gregory, na alikuwa ameimba na Pantaleo kwaya moja miaka sita. Pantaleo alikuwa ameketi ndani ya gari akisikiliza injini, mkono kwenye gia. Wawili wale wakamkaba shingo kutoka dirishani. Sostenes akafungua mlango wa abiria, akapiga panga juu ya kifundo. Pigo la kwanza lilifika kwenye mfupa. La pili liliuvunja. La tatu likamaliza.

"Umeyataka mwenyewe, kaka," alisema, akafuta panga kwenye kiti.

Mkono haukuanguka. Ulibaki kwenye gia.

Asteria, mke wa Pantaleo, aliyekuwa akiuza chai nje ya gereji, walimpiga teke la tumbo wakati wa kutoka. Aliinuka, akamvuta mumewe hadi kiti cha abiria, akafunga jeraha kwa khanga, akakaa kwenye usukani. Hakuwahi kuendesha gari. Mkono ukagonga gia mara mbili, kama Pantaleo alivyogonga meza chakula kikichelewa. Asteria akaelewa, akakanyaga klachi. Mkono ukaingiza gia ya kwanza. Njia nzima alikanyaga ulipogonga, na gari lilizimika mara moja tu, kwenye geti la hospitali.

Daktari Klara alitoka nje kuuchukua mkono ili aushone. Alijaribu kuufungua kidole kimoja kimoja. Ulikuwa na joto la kawaida na haukukubali. Akarudi ndani, akaandika kwenye faili kwamba mkono wa kushoto umekatika na uko kazini.

Siku ya tatu alikuja mpelelezi. Pantaleo alimtajia majina akiwa kitandani. Asteria akampeleka kwenye gari, na mkono uliachia gia kwa muda, ukaandika kwa kidole juu ya vumbi la dashibodi: Sostenes. Chini yake: Gregory. Mpelelezi akasoma yote mawili. Akamweleza Asteria kwa upole kwamba shahidi lazima aape, na mkono hauna kinywa. Kisha akatoa leso, akaifuta dashibodi yote ikang'aa.

Gregory alikwenda hospitali na machungwa. Alimpa Pantaleo pole, akamwambia akipona aje aendeshe gari lake, kwa kuwa halitaki mkono wa gia.

"Kwa mkono mmoja nitapandisha tu," Pantaleo alisema. "Kwenye kona nani atanishushia?"

Gregory alimenya chungwa, akala.

Asteria alijifunza udereva kwa mkono ule. Akisahau klachi, ulimfinya paja. Mwezi wa tisa alijiandikisha kwenye mashindano, ambayo safari hii zawadi yake ilikuwa dume la ng'ombe. Pantaleo aliketi pembeni yake. Kwenye tambarare Gregory aliwagonga ubavuni. Kioo cha mlango kikapasuka, vipande vikamchana Asteria shavu na nyusi. Gregory akayumba hadi kwenye shamba la tumbaku, akamvunja mguu mkulima mmoja aitwaye Valerian, akarudi barabarani bila kusimama. Korongoni mkono ukagonga mara mbili. Asteria akakanyaga huku jicho moja limejaa damu. Walimaliza hatua thelathini mbele.

Kamati ilikaa robo saa. Ikatangaza kwamba gari la Asteria lilikuwa na madereva wawili, kinyume cha kanuni, na kwamba mshindi ni Gregory. Mtu mmoja aliuliza kompyuta ya Gregory inahesabiwa kama nani. Mwenyekiti akasema kompyuta ni sehemu ya gari.

Dume likachinjwa palepale. Valerian alikuwa bado amelazwa chini ya kivuli cha lori, akingoja usafiri, naye akapelekewa supu. Sostenes ndiye aliyegawa nyama. Alimletea Pantaleo mbavu kwenye sinia.

"Mwadila, kaka. Mwadila, shemeji."

Pantaleo aliitikia salamu ile ya Kisukuma, akapokea. Walikula ndani ya gari, milango wazi. Walipomaliza, Asteria aliwasha ili wampeleke Valerian hospitali. Sostenes alikuwa hatua kumi mbele yao, amewapa mgongo, ameinama juu ya ngozi ya dume. Mkono ukasukuma gia ya kwanza kabla klachi haijakanyagwa, meno ya giaboksi yakasagana kwa kelele. Ukasukuma tena.

Asteria akauambia usubiri. Ukasubiri.