Ngoma ya Babu Iliyoumbwa Kwenye Kompyuta

Mimi sioni haya kujisifu, hasa nikimsifu mwanangu. Mwenye wivu ajinyonge.

Mtaani kwetu Kirtipur dhimay, ile ngoma nene ya pande mbili, haifundishwi hadharani. Wanafunzi hufungiwa jioni kwa miezi katika nyumba ya Nasadya, mungu wa muziki, na hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa kuwasikiliza mpaka siku ya kutolewa, wanapopiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Simu huachwa mlangoni. Anayerekodi hufukuzwa. Binti yangu Rashmila alikuwa miongoni mwao, na mwalimu wao alikuwa Nhuchhe Ratna, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mtu mkali hata kwa wajukuu zake.

Siku ya kutolewa ilipokaribia, Rashmila aliteleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Ukiikosa siku hiyo unangoja kundi lijalo, na kundi lijalo huenda likakukuta umeshaolewa mtaa mwingine. Alilia mpaka macho yakavimba. Kesho yake akafungua kompyuta.

Ana programu ya kuumbia sauti, anayotengenezea midundo ya bendi za vijana. Humo hamna ngozi wala mti, mna mluzi mkavu unaokera masikio. Anauchukua mluzi huo, anaushusha ghafla kutoka juu hadi chini, unakuwa kishindo. Anaongeza kelele kama ya redio iliyokosa stesheni, kidogo tu, anaikata upesi, na hapo unapata mchapo wa fimbo. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga, nikasikia dhimay chumbani, nikatoka na mwiko mkononi nikidhani kuna mtu kaingia na ngoma. Alikuwa mwanangu peke yake, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Tukaenda kwa shemeji kuomba ahesabiwe kwenye kundi kwa ngoma ile. Shemeji alisikiliza mapigo machache tu, akakunja uso.

"Umerekodi ndani ya nyumba ya mungu," alisema. "Hii ni ngoma yangu. Umeniibia, halafu unaniletea kwangu nikusifu?"

Rashmila alisema hajarekodi. Shemeji akajibu kwamba kila mwizi huapa. Hapo damu ikanichemka. Nikamkumbusha kwamba wanawake tulipoanza kushika dhimay, yeye huyu huyu alisema ngoma zitapasuka, na mpaka leo haijapasuka hata moja, ila ile aliyoikalia mwenyewe kwenye harusi ya mpwa wake. Mkewe alicheka nyuma ya mlango. Yeye hakucheka. Alisema Rashmila ameondolewa, na habari imekwisha.

"Baba mkubwa," Rashmila akasema, "nitajie ngoma ambayo haiwezekani niwe nimeirekodi. Nitaiunda hapa hapa, mbele yako."

"Ya babu yako," shemeji akasema. "Iliangukiwa na ukuta kabla hujazaliwa, na hakuna aliyewahi kuinasa. Haya, ilete."

Nadhani alimtega. Rashmila alifuta kila kitu, akabaki na mluzi mtupu, akamwomba aitamke ngoma ile kwa mdomo, kama anavyofundisha. Shemeji akaitamka, shingo upande. Rashmila akabonyeza. Shemeji akasema hiyo ni ndoo. Rashmila akaushusha mluzi. Shemeji akasema sasa umekuwa mtungi.

Upande wa kushoto wa dhimay hupakwa ulimbo mzito mweusi ndani ya ngozi ili uvume. Shemeji akaanza kueleza, ukali ukimtoka kidogo kidogo, kwamba baba yake alipaka ulimbo mwingi kuliko wote, mpaka majirani wakamtania kuwa analisha ngoma kuliko watoto. Rashmila akauzamisha mvumo, akaurefusha mkia wake. Chai ikapoa. Bado, akasema shemeji, ya baba ilikupiga kwanza kifuani, ndipo ikafika sikioni. Rashmila akausogeza mchapo nyuma ya kishindo, unywele tu, akabonyeza tena.

Mkono wa kulia wa shemeji ulianza kupiga goti, ukijibu. Mkewe akaingia kutoka jikoni akiuliza ni nani anapiga ngoma ya baba mkwe.

"Rudia," shemeji akamwambia Rashmila. Macho yalikuwa yamemlowa, wala hakuyafuta.

Siku ya kutolewa vijana waliweka spika mbele ya tundu la ukutani, ambamo Nasadya hupita, na mungu yule hajui kupinda kona. Shemeji aliwakemea, kisha akaibeba spika mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akaiweka kando ili njia iwe wazi. Akampaka Rashmila rangi nyekundu ya baraka kwenye paji la uso, akaipaka na kompyuta. Wazee wenzake walinong'onezana, na mmoja akauliza hiyo ni ngoma ya nani.

"Ya baba," shemeji akasema. "Na mwanafunzi ni wangu."

"Na mtoto ni wangu," nikasema mimi, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.