Bangili Iliyopimwa Usingizini

Ebla alikuwa macho. Alilala ubavu kwenye mkeka, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyezama kwenye usingizi, ila masikio yalikuwa kazini. Jua la Garissa baada ya adhuhuri humlaza kila mtu, na mumewe Duale alikuwa akiisubiri saa hiyo hiyo. Alipiga magoti, mtu mzima na ndevu zake za hina, akatoa uzi wa gunia mfukoni, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa mkewe. Kisha akapenyeza vidole viwili chini ya uzi, akaubana hapo, akaukata kwa meno.

Ebla nusura acheke. Vidole viwili! Hivyo ndivyo Duale alivyopima kamba ya kumfunga ngamia miguu ya mbele asipotelee malishoni: zungusha, acha nafasi damu ipite, kata. Alikulia kwenye ngamia huko Bura, na hata baada ya kuhamia mjini mikono yake haikujifunza upimaji mwingine.

Uzi ule unakwenda wapi, Ebla alijua. Mwaka wa ukame mkali alizivua bangili zake mbili za harusi, hakuombwa na mtu, Duale akazipeleka sokoni na kurudi na nyasi na maji. Ngamia wengi walikufa vilevile. Tangu hapo mumewe alikuwa na tabia ambayo jirani asingeiona: Ebla akimpa chai, Duale alitazama kikombe, hakutazama mkono. Miaka yote hiyo! Sasa mvua zimerudi, ndama wamepata wanunuzi, na mwanamume kapiga magoti na uzi wa gunia. Moyo wa Ebla ulijaa pomoni, akakaza kope machozi yasimuumbue.

Lakini palikuwa na tatizo. Bangili ya duara zima, isiyofunguka, haipimwi pale. Kamba ya ngamia hufungwa, bangili hupitishwa. Hupita vidole, hupita gumba, hupita kwenye konzi, penye mashina ya vidole, ambapo mkono umepanuka, na wa Ebla ulikuwa umepanuka hasa kwa kukamua na kubeba madumu ya maji. Kwa uzi ule bangili ingekwama katikati ya mkono, naye Duale angejiona ameshindwa mara ya pili. Dhahabu Ebla angeweza kuishi bila. Uso wa mumewe siku ile aliyotoka sokoni hakutaka kuuona tena.

Amwambie? Angemharibia furaha aliyokuwa ameificha mfukoni kama mtoto na peremende. Kesho yake akalala makusudi, gumba amelikunja ndani ya kiganja, vidole vimebanana, mkono umenyooshwa kama unaopitishwa kwenye bangili. Ni nani asingeelewa? Duale alikuja, akautazama, akasikitika.

"Maskini, umekufa ganzi," akanong'ona, akausugua mpaka gumba likanyooka.

Kulipokucha Ebla akavaa jilbabu, akaenda zake sokoni kwa Ruweyda, muuza dhahabu. Binti huyo alipomwona tu akaangua kicheko.

"Umechelewa, eedo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima. "Nilimwambia mzee, mlete mwenyewe nimpime. Akakataa. Nikamwambia kipimo ni hapa," akagonga konzi zake, "akaniambia amefunga ngamia kabla sijazaliwa na hakuna hata mmoja aliyechubuka. Ametoka hapa sasa hivi na bangili yake."

"Nipime mimi, abaayo, dada yangu. Nijue balaa lenyewe lina ukubwa gani."

Ruweyda akatoa duara zake za kupimia, za shaba, zimetungwa kwenye waya. Ebla akakunja gumba. Ya kwanza ikagoma. Ya pili ikagoma. Ya tatu ikaburura ngozi kidogo, ikapita, ikatulia.

"Hii ndiyo saizi yako. Yake ni sawa na ile ya kwanza. Akishakupa mniletee, niipanue."

"Ile ya kwanza haiingii kabisa?"

"Kwa plastiki na samli huingia. Ila ikishaingia haitoki, eedo, labda kwa msumeno."

Ebla alirudi nyumbani polepole, maneno hayo akiyageuzageuza kichwani.

Duale alimngoja mlangoni, hawezi kukaa wala kusimama. Alifungua kitambaa chake, bangili ikameta.

"Haya, shika," alisema kwa ukali wa mtu anayeona haya. "Vaa nione."

Ebla akaisukuma. Ikapita vidole, ikafika kwenye konzi, ikakwama. Na uso ule ule wa zamani ukaanza kumrudia Duale.

"Nimekosea," alisema. "Yule msichana aliniambia. Lete niirudishe."

"Nani amekwambia imegoma? Chukua samli pale. Na karatasi ya plastiki ya mkate, ile laini."

Akavaa ile plastiki mkononi kama soksi, akapaka samli juu yake, akamnyooshea mumewe mkono.

"Likunje gumba langu. Kama nilivyolikunja jana ukanisugua."

Duale akaganda. "Ulikuwa macho?"

"Siku zote mbili. Sukuma, Baba Ikran."

"Utaumia."

"Sukuma!"

Akalikunja gumba kiganjani, akazibana konzi kwa mkono mmoja, akasukuma kwa mwingine. Ebla aliuma shungi. Bangili ikasaga ngozi, ikasita, ikaruka mara moja mpaka kwenye kifundo, ikacheza hapo kwa nafasi ya vidole viwili.

"Sasa haitatoka," Duale alisema kwa hofu.

"Najua. Nilimuuliza Ruweyda." Ebla akaichana ile plastiki, akaivuta kidogo kidogo kutoka chini ya bangili. "Zile za kwanza zilitoka kirahisi mno. Ukame ukirudi utauza kingine, hii hutaweza. Sitaki kukuona tena ukirudi kutoka sokoni na uso ule."

Duale aliushika mkono wa mkewe, uliochubuka na kulowa samli, akautazama.