Usingizi Usio na Umeme

Rehema binti Selemani hakuwaamini wale madaktari tangu siku ya kwanza, wala hakulificha hilo. Walipomwambia kwamba mashine yao ingepitisha umeme kidogo kichwani mwa mdogo wake Omari, alisimama kati yao na mgonjwa akauliza, "Huo umeme ukishaingia, unatoka na nini?"

Mmoja wao, Mzungu, alicheka. Mwenzake, Daktari Ismaili, hakucheka. Alikuwa kijana wa Kilwa aliyesomea Uganda, na alijua anaulizwa nini. Mtwara nzima ilikuwa ikinong'ona habari za mumiani, watu wanaofyonza damu ya wenzao wakaigeuza dawa. Na sasa hapa mtaani Magomeni, katika nyumba ya mabati iliyobaki tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, kulikuwa na injini inayonguruma, vitanda vyenye mikanda ya ngozi, na mlango unaofungwa kwa ndani.

"Hautoki na kitu, mama," alisema Ismaili. "Vyuo vyetu viwili, cha kwao na cha kwetu, vinachunguza pamoja kama tiba hii inawafaa watu waliozidiwa na huzuni."

Rehema angegeuka saa ileile kurudi kijijini kwao Mpapura, lakini angempeleka wapi Omari? Tangu kiboko alipopindua mtumbwi kwenye mto wa mpakani, kivuko cha Kilambo, na mkewe Asha akafa maji, Omari hakusema neno wala hakudondosha chozi. Alizika, akarudi nyumbani, akakaa. Shamba la mihogo likamezwa na magugu, mabibo yakaozea chini ya mikorosho. Walimsomea dua, wakampunga pepo, hakutikisika. Sasa alikuwa akilishwa uji kwa kijiko, na mara nyingi uji ulimtiririka kidevuni.

Rehema akakubali kwa sharti moja: yeye akae barazani, na asifukuzwe na mtu.

Barazani alimkuta Rukiyabai, mjane wa Kihindi mwenye duka Mikindani. Mwanawe Mehboob naye, kabla ya kuletwa hapa, alikuwa amejifungia chumbani, chakula hataki. Rukiyabai alikuja na maji yake mwenyewe ndani ya chupa, kwa kuwa hakuyaamini ya pale. Rehema alipoiona ile chupa akamsogelea, na kuanzia hapo wakawa wanakaa pamoja, sikio mlangoni.

Kila alipotolewa chumba cha mashine, Mehboob aliyumba, akashika taya, akamwita mama yake kwa jina la shangazi yake. Omari alitoka kama mtu aliyejinyoosha baada ya chakula cha mchana. Wiki zikaenda. Mehboob akaanza kudai chai, kisha akaanza kugombana na mama yake juu ya mambo ya duka, na Rukiyabai akashukuru Mungu kwa ugomvi ule. Omari akazidi kukonda.

"Huyu wako hata kichwa hakimuumi?" Rukiyabai aliuliza siku moja.

"Hata kidogo."

"Wangu analia na taya kutwa."

Wakatazamana. Rehema akainuka, na madaktari walipotoka akawazibia njia.

"Ndugu yangu mnampa nini mle ndani?"

Mzungu akamwambia Ismaili jambo kwa Kiingereza. Ismaili akatazama chini.

"Sindano ya usingizi, mama."

"Na umeme?"

Ismaili akamgeukia Mzungu.

"Nimekuuliza, daktari. Na umeme?"

"Wengine wanalazwa tu, bila umeme," alisema Ismaili. "Tukiwapa wote hatutajua kilichowaponya ni umeme, au ni usingizi na kutunzwa. Tulipiga kura nani apewe. Yeye ikamwangukia hivyo."

"Nami nimekaa hapa naogopa mnachomfanyia," Rehema alisema. "Kumbe hamumfanyii kitu! Mpeni, au tunaondoka naye sasa hivi."

Mzungu alikataa. Utafiti ulipaswa kumalizika kama ulivyopangwa. Wakarudi ndani, wakabishana, na ingawa Rehema hakujua Kiingereza, alisikia jina la Omari likirudiwarudiwa. Ismaili alitoka uso umemlowa jasho.

"Atakufa njaa tukisubiri, nimemwambia hivyo. Nitamtibu mwenyewe kesho asubuhi. Ila safari hii sikufichi: umeme unaweza kumsahaulisha mambo. Mengine hurudi, mengine hayarudi."

"Nitakuwemo ndani," alisema Rehema.

Akawemo. Aliona kipande cha mpira kikiwekwa katikati ya meno ya Omari, pamba zilizoloweshwa pande mbili za kichwa, kisha mwili ukakakamaa na miguu ikatetemeka. Alishika chuma cha kitanda, akamlaani kila aliyekuwemo chumbani, na yeye mwenyewe pia.

Baada ya kutibiwa mara chache, Omari alishika kijiko kwa mkono wake. Akala wali, akaongezwa, akamtazama Rehema usoni.

"Dada, mbona umekonda hivyo?"

Rehema alicheka huku machozi yanamtoka. Ndipo Omari akauliza, "Asha yuko wapi? Bado hajarudi kutoka ng'ambo ya mto kwa Wareno?"

Rehema akamgeukia Ismaili. "Nilikuuliza umeme unatoka na nini."

"Huenda kumbukumbu ikarudi," alisema Ismaili kwa sauti ya chini.

"Mwache kwanza, dada," Rukiyabai alinong'ona. "Si amekula?"

Rehema alimtazama mdogo wake akifuta sahani kwa kidole. Alitamani kumwacha vile. Lakini akamwona kwa mawazo, nyumbani Mpapura, amekaa anamsubiri mkewe, mpaka jirani yeyote aropoke. Akaketi kitandani, akamshika mikono, akamwambia: kiboko, mtumbwi, maiti iliyookotwa mikokoni, kaburi.

Omari alilia kama alivyopaswa kulia siku ya maziko. Mzungu, aliyekuwa akiwatazama, akanyoosha mkono kuchukua sindano ya usingizi.

"Acha!" Rehema alimkemea. "Msiba ni wake."

Mwaka uliofuata Ismaili alifika Mpapura kwa lori. Omari alikuwa shambani, mwenye afya, ingawa maziko aliyajua kwa kusimuliwa tu. Rehema alimpikia mgeni chakula kizuri, lakini Ismaili alipoulizia kama kijijini kuna wagonjwa wengine, akamjibu, "Wapo. Utawaeleza kila kitu kwanza, mbele yangu, na kura zenu pia."

"Jibu mlilipata, kama ni umeme au ni usingizi?" Omari, aliyekuwa amekuja kula, aliuliza.

"Vyuo bado vinabishana."

Omari akatikisa kichwa, akachukua jembe lake, akarudi kupalilia.