Wageni wa Mtoto wa Ivyne

Mama Kui alipoingia jikoni kwake Lavington asubuhi ya Krismasi na kuwamiminia wafanyakazi wake chai kwa mkono wake, Nanjala, mpishi, alijua kuna jambo.

Maneno yalikuwa matamu, jamani! Eti amesikia Ivyne amejifungua mvulana. Eti yaliyopita si ndwele. Ivyne huyohuyo, yaya wa nyumba hiyo, aliyetiwa mimba na Wainaina, mwana wa Mama Kui, kisha akafukuzwa mvua ikinyesha!

"Nendeni mkamwone," akasema. "Mkirudi mnielekeze, nami niende nimsalimie."

Alipotoka, Were wa getini akawaambia alichomsikia akisema kwenye simu. Kwao mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, basi mumewe, marehemu mzee Njuguna, amerudi, na Njuguna hatalelewa kwenye chumba cha mabati. Wakili yuko tayari. Kinachokosekana ni kujua nyumba. Ndambuki, mtunza bustani, ambaye husoma Biblia kanisani, akasema hayo ndiyo Herode aliwaambia mamajusi. Nanjala akamwambia apunguze mahubiri, akamfunge kuku.

Mkono mtupu haulambwi. Were alibeba unga wa wimbi, Ndambuki kuku, Nanjala sabuni na shuka. Mama Kui akataka dereva awapeleke, lakini Nanjala akakataa katakata. Akawapitisha vichochoro vya Kawangware mpaka mtaa wa Satellite, akigeuka nyuma kila mara.

Ivyne alikuwa amekonda. Mtoto alikuwa akilia tangu alfajiri, titi hataki. Nanjala akauliza ameitwa nani. Hajaitwa. Nani angemwita, na wakubwa wa kwao wote wako Kakamega? Nanjala alikasirika. Huko kwao mtoto huitiwa majina ya waliotangulia, moja moja, akiwa kifuani pa mama. Jina atakalolipokea kwa kunyonya ndilo lake, na ukoo umempokea. Yeye hakuwa wa ukoo huo, lakini nani mwingine alikuwapo?

Akamwomba Ivyne amtajie wafu wa kwao, akaketi, akaanza kuita. Akamwita Jackton, babu mmoja. Mtoto akageuza uso. Akamwita mwingine, kilio kikazidi. Akamwita Bramwel, baba yake Ivyne. Mtoto akashika titi, akanyonya kwa pupa, na kile chumba kikanyamaza. Ivyne akalia. Were naye, mtu mzima na ndevu zake, akajifanya anakagua paa.

"Sasa ana watu," Nanjala akasema. "Anayemtaka aanze na sisi."

Mama Kui aliwangoja mlangoni, amekwisha vaa viatu vya safari.

"Njuguna wangu hajambo?"

"Njuguna hatukumwona, Mama Kui," Nanjala akajibu. "Tulimwona Bramwel. Amenyonya, ameshiba, amelala."

Mama Kui akauliza ni nyumba gani. Akauliza tena, safari hii bila sukari mdomoni. Mwishowe akasema asiyemwelekeza akatafute kazi kwingine. Nanjala alikuwa na watoto shuleni. Hata hivyo alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

Mama Kui akamgeukia Were. "Na wewe?"

Were alikwenda akamfungulia Nanjala geti. Kisha akamkabidhi Mama Kui ufunguo, akatoka pamoja na Nanjala. Ndambuki walimkuta barabarani, ametangulia.