Kurasa Nne za Keki

Karani akistaafu hana tena wa kumwandikia, basi hujiandikia mwenyewe. Mwaka huu wa 1954 mume wangu Projestus ameandika maisha yake, akanipa niyasahihishe, maana kabla hatujahamia Temeke nilikuwa mwalimu wa misheni.

"Kazi ni kupima, Mama Gozbert," aliniambia, miguu juu ya stuli. "Jambo kubwa unalieleza hatua kwa hatua, msomaji alione. Dogo unalifupisha. Halafu unatoa funzo."

Nikasoma. Siku aliyopewa cheti cha utumishi mwema ina kurasa nne: keki, vikombe vya maua, Bwana Mkubwa akicheka. Kifo cha binti yetu kina mstari mmoja: "Mwaka 1941 Mungu alimtwaa mtoto wetu Auleria." Kisha ukurasa mzima wa funzo juu ya subira. Subira ya nani? Aliyekaa na mtoto mapajani akiungua kwa homa ni mimi!

Nilitaka kulichana daftari. Lakini nilirudi kwenye keki, kwani tarehe yake ilikuwa ileile aliyokufa Auleria.

Siku ile, saa nane mchana, nilimtuma jirani yetu Mfaume mjini, ofisini, akamwite baba mtu. Alirudi peke yake, akasema askari wa mlangoni amemzuia. Miaka kumi na mitatu nimemlaani askari yule.

Na sasa, kwa mwandiko safi wa karani: "Mfaume wa Temeke alinijia dirishani. Nilimpungia mkono aondoke, maana tulikuwa tunapangwa tupigwe picha." Alinogewa na kueleza hatua kwa hatua mpaka akajisahau. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu bwana imechukua miaka kumi na mitatu.

Nilimtupia daftari kifuani. "Mfaume alikuambia nini?"

"Mama Gozbert, hayo ni ya zamani..."

"Alikuambia nini?"

Akavua miwani. "Kwamba mtoto ananiulizia. Nilidhani ni homa tu. Nikamsihi palepale akuambie amezuiwa mlangoni."

Nikamshikisha kalamu. "Futa mstari ule. Na subira yako ifute."

"Niandike nini sasa?"

"Hatua kwa hatua. Andika: saa nane binti yangu alikuwa hai, nami nilikuwa nanyoosha tai. Mengine nitakutajia mimi, maana alikuita mpaka saa kumi."