Utepe wa Gurudumu la Irine

Fundi Abdulmalik alililaza gurudumu la nyuma mapajani, akalibandua tairi kwa vyuma viwili bapa, akamimina kwenye beseni maji yaliyokuwamo. Yalikuwa maji safi, ya baridi, yenye kipande cha jani la mgomba na kiluwiluwi mmoja mzima. Fundi alichovya kidole, akaonja.

"Haya ni ya mlimani," alisema.

"Ya ndiva yetu, Vudee," alijibu Irine.

"Na huyu kiluwiluwi, unamrudisha?"

"Namrudisha. Nitilie kwenye chupa."

Kibanda cha Abdulmalik kipo Same mjini, upande wa barabara kuu unaopata kivuli asubuhi. Irine alikuwa ameshuka kutoka Vudee akiikokota baiskeli sehemu kubwa ya njia. Kule juu yeye ndiye mgawa maji. Ndiva ni bwawa lililochimbwa na wazee wa zamani; jioni linazibwa lijae, asubuhi linazibuliwa, na maji yanafuata mfereji shamba kwa shamba, kila mtu kwa zamu yake. Irine huyafuata kwa baiskeli mpaka shamba la mwisho, la Bibi Koleta. Jua likifika utosini zamu imekwisha, na ambaye maji hayajamfikia anasubiri mzunguko mwingine. Bibi Koleta alikuwa amesubiri mizunguko mingi, na maharage yake yalikuwa yanataka kutoa maua.

Baiskeli yenyewe ni ya milimani, ya matairi manene yasiyo na mpira wa ndani, kwa ajili ya miiba. Upepo unashikwa na tairi na rimu, na ndani ya rimu panazungushwa utepe wa kuziba matundu ya spoki. Utepe ukiwa mbovu, upepo hutoka. Kwa Irine upepo ulitoka na maji yakaingia. Kila alipoiegemeza baiskeli kwenye shamba la Bibi Koleta, maji yalichuruzika kwenye matundu ya spoki mpaka tuta la mwisho likalowa. Wote wawili waliona ni usumbufu wa baiskeli.

"Nilibandika huu wa mafundi umeme," Irine alisema.

"Nauona. Huu ulizaliwa kufunga nyaya, dada yangu. Joto la Same likiupata, gundi inakuwa uji."

Akashusha mizingo yake ya utepe kutoka kwenye msumari, akakata kipande kidogo cha kila mmoja na kukilaza ndani ya rimu. Mwembamba uliacha matundu nusu wazi. Mpana ulipanda ukutani, pale mdomo wa tairi unapotakiwa kukaa. Akachagua ule uliozidi upana wa ndani ya rimu kidogo tu, mwepesi lakini mgumu, unaozama kwenye bonde la katikati na bado unagusa kuta zote mbili. Akasugua rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Kisha akauzungusha utepe akiuvuta kama mama anayemfunga mtoto mgongoni, asimbane wala asimwachie. Akapita juu ya tundu la valvu, akalifunika mara ya pili, akalitoboa kwa msumari wa moto ili kingo zisichanike. Alipopiga pampu, tairi lilikaa mahali pake kwa mlio, pa! Akalizamisha kwenye beseni. Halikutoa povu hata moja.

Irine aliutazama mkono ule ukifanya kazi, akasahau kwamba alikuwa na njaa.

Alirudi Vudee bila kushuka kwenye tandiko isipokuwa kwenye kona kali. Gurudumu lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Lakini juma lile maharage ya Bibi Koleta yalikunja majani.

"Mwanangu," bibi alisema, "umeziba baiskeli, na mimi umeniziba."

Irine akaweka sikio kwenye rimu. Ndani alisikia bomba likimwaga maji, na bata wakiogelea, na sauti ya Wilbard, mwenyekiti wa kamati ya maji, akiwaita bata hao kwa upole.

Akalipeleka gurudumu kwenye mkutano pale mdomoni mwa ndiva. Watu wakasikiliza kwa zamu, wazee kwanza. Wilbard naye akasikiliza.

"Ndio, ni bata wangu," alisema. "Huyu anayekohoa ndiye jike."

"Na bomba?" Irine aliuliza.

"Bomba nalo langu. Ningeazima la nani?"

"Mwenyekiti, maji ya bomba hilo ni zamu ya Bibi Koleta."

"Mradi wa bata ni wa maendeleo," Wilbard alisema, na mkutano ukaingia kwenye ajenda ya kuzibua mfereji.

Siku ya gulio Irine akashuka tena Same.

"Shikamoo, fundi. Nataka livuje."

Abdulmalik hakuwahi kuombwa kazi ya namna hiyo. "Kuvuja nako kuna ufundi wake," alisema. Hakuubandua utepe. Alichagua tundu moja la spoki, akautoboa utepe juu yake kwa ncha ya sindano ya moto, akalizibia juu kiraka cha utepe kilichobanwa upande mmoja tu, kikae kama mlango. "Ukitembea, mzunguko utakifunga. Ukisimama kitafunguka. Kasimame panapostahili."

Ilikuwa kazi nzuri kuliko ile ya kwanza. Baiskeli ilipanda mlima ikiwa kavu, na ilipoegemezwa kwenye fito za Bibi Koleta maji yakatoka membamba, bila haraka, yakafuata tuta baada ya tuta. Maharage yakainuka. Yakatoa maua meupe.

Wilbard alipita pale, akasimama, akasifu ile kazi kwa dhati na kuuliza jina la fundi. Asubuhi iliyofuata, mdomoni mwa ndiva, akatangaza kwamba kwa kuwa Bibi Koleta sasa ana chanzo chake mwenyewe, zamu yake kwenye mfereji imehamishiwa kwenye mradi wa bata. Walioafiki walinyoosha mikono. Bibi Koleta alikuwa ameinama kwenye palizi, hakuhesabiwa.

Irine akaizibua ndiva kama ilivyo kazi yake. Maji yakashika njia kuelekea kwa Wilbard. Akapanda baiskeli, akateremka haraka kuyatangulia kwa Bibi Koleta, maana sasa, zamu nzima ikiwa imechukuliwa, kwenye gurudumu yangekuwa mengi zaidi.