Fundo Lililobaki Tawini

Katika himaya ya Mvuleni kila ndege alijua tawi lake, na aliyelisahau alikumbushwa.

Juu kabisa, ndani ya tundu la shina la mvule, aliishi Mfalme Hondohondo na jamaa yake. Mlango wa tundu ulizibwa kwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Ndivyo wafanyavyo hondohondo: mama hujifungia na makinda, hulishwa kupitia ufa, na makinda wakikua ukuta hubomolewa. Mfalme wa Mvuleni aliona kwamba jambo jema kwa msimu mmoja ni jema zaidi kwa maisha yote. Hakutoka. Alitawala kupitia ufa, na raia wake waliujua mdomo wake bila kuujua uso wake.

Matawi ya kati yalikuwa ya wakubwa wa baraza. Palikuwa na Kekeo, Waziri wa Makinda, mwenye sauti tamu, ambaye kama kekeo wote hajapata kujenga kiota. Hutaga katika viota vya wengine akaenda zake. Palikuwa na Kongoti, Waziri wa Mazishi, mrefu, mwenye upara, aliyesimama kwa heshima katika kila msiba na kuondoka ameshiba.

Chini, juu ya maji ya bwawa, waliishi minana. Hao ndio waliobeba makuyu kwa zamu hadi kwenye ufa wa Mfalme. Wengi walichukuliwa kazi hiyo wakiwa wadogo. Lakini minana walikuwa na kitu chao kimoja, fundo la kwanza. Kiota cha mnana huanza kwa unyasi mmoja unaofungwa kwenye kijitawi, na kila kitu kinachofuata huning'inia hapo. Fundo hilo halielezeki kwa maneno. Mwalimu hukaa na kinda mdomo kwa mdomo, huyu akivuta, yule akipitisha. Tena lazima iwe katika msimu wa kwanza, mdomo ungali laini. Ukishakomaa, mdomo hujua kudonoa na kubeba, basi. Kwa hiyo palikuwa na shule katika Tawi la Chini, na wachache waliolijua fundo, ndio walimu wake, waliwafungia viota wale wengi wasiolijua.

Kisha kikaja kideri. Ndege aliamka mzima, mchana akapinda shingo, jioni akawa ameanguka majini. Kilipita kutoka mdomo hadi mdomo, na shule ya minana ilikuwa ya midomo. Mwalimu Mnana aliyeongoza shule alikufa baada ya kumfundisha kinda aliyekuwa akikohoa. Wenzake wengi walimfuata. Shule ikafungwa, na hakuna aliyelaumu. Hata mjane wa mwalimu, Mama Ukoka, alisema ni sawa. Alikuwa ameiona shingo ya mumewe.

Kideri kilipopungua, baraza likakutana mbele ya ufa. Siku hiyo zamu ya makuyu ilikuwa ya Mama Ukoka, naye akasikia yote.

"Shule zifunguliwe, tena leo," alisema Kongoti. "Uhai hauwezi kusimama kwa kuogopa kifo."

"Na wakifa, Mheshimiwa?" mmoja wa baraza aliuliza.

"Tutawazika kwa heshima zote. Wizara yangu imejiandaa."

Kekeo alikohoa kidogo, kikohozi cha adabu. "Kinda ni amana. Afadhali kinda mjinga aliye hai kuliko msomi aliye majini. Tusubiri. Tuunde kamati ya kuangalia nyasi, kama zina ugonjwa."

Mama Ukoka aliyasikia maneno hayo yakimwingia kama maji kwenye koo kavu. Alitaka mwanawe Ukoka awe hai. Hakujua kwa nini hata hivyo moyo haukutulia.

Mdomo wa Mfalme ukatokea kwenye ufa. "Mimi sielewi malalamiko haya ya kufungiwa. Nimefungiwa tangu nikiwa yai. Unakaa, unafungua mdomo, chakula kinaingia. Shida iko wapi?" Kisha akauliza, "Makuyu yameishia hayo?"

Kamati ikaundwa, na pamoja nayo amri: mnana yeyote asikaribie kiota kisicho chake mpaka kamati imalize. Walimu walionusurika walikuwa wawili. Amri iliwakuta kila mmoja tawini kwake, na hapo wakabaki.

Nyumbani kwa Mama Ukoka walikuwa wanne, sasa watatu. Ukoka, binti yake, alikuwa katika msimu wake wa kwanza. Wa tatu alitoka katika yai ambalo Mama Ukoka hakumbuki kulitaga. Alikuwa mkubwa kuliko mama mwenyewe, na kutwa nzima alisema neno moja, "Njaa." Ukoka alimwita Bwana Mkubwa.

Jirani yao, Mama Sendo, alipiga kelele kutoka kiotani kwake, maana kusogea kulikatazwa. "Mama Ukoka! Huyo wa pili mbona anakula kama serikali?"

"Mwache, bado anakua."

"Anakua kwenda wapi? Na sauti ile ni ya Waziri kabisa."

"Mdomo ni mdomo, Mama Sendo. Ukifunguliwa mbele yako utafanyaje?"

Mama Sendo alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu na yeye angeulisha.

Ukoka alikuwa akijifundisha peke yake. Alikaa kwenye kijitawi na unyasi mdomoni, akizungusha, akizungusha.

"Mama, njoo uone. Nimefunga."

Mama alivuta kidogo, unyasi wote ukamfuata. "Umezungusha tu, mwanangu. Hujafunga."

"Tofauti yake nini?"

"Sijui. Baba yako ndiye aliyejua."

"Wewe hujui kweli au hutaki nikuzidi?"

"Kweli sijui."

Ukoka alimtazama kwa jicho moja. "Kumbe ulikuwa mtoro."

Mama alicheka mpaka kiota kikatikisika. "Ningetoroka vipi shule ambayo sikufika? Walikuja kunichukua kwa ajili ya makuyu asubuhi ile ile niliyotakiwa kuanza. Nilikuwa nimeshachagua unyasi wangu."

"Mrefu?"

"Mrefu. Niliuacha tawini."

Kiota kilipotikisika, Ukoka alisikia sauti ndogo juu yao, kama mtu anayevunja ubua. Wote wawili walitazama. Fundo la baba lilikuwa pale pale, gumu, limekaza kama jicho la mti. Lakini chini yake nyasi zilikuwa zimechakaa kwa uzito wa Bwana Mkubwa. Pangehitajika kamba mpya na fundo jipya, kabla ya masika.

"Nitajua kabla ya mvua," Ukoka alisema. "Wakifungua tu, mimi siku ya kwanza niko pale."

Kamati iliangalia nyasi. Iliangalia nyasi za kaskazini, ikala huko, ikaangalia za kusini. Katikati ya kazi hiyo mwalimu mmoja kati ya wale wawili alikufa, na hakuwa amefundisha yeyote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ameuawa na shule. Mawingu yakaanza kukaa juu ya bwawa. Ndipo baraza likakutana tena, na Mama Ukoka, aliyekuwa ameomba zamu hiyo kwa mwenzake, alikuwa na kuyu mdomoni na neno kooni.

Wakubwa walijadili kwa muda mrefu iwapo makinda wakae umbali wa bawa moja au mawili. Kongoti alisema bawa la nani, maana lake peke yake lingejaza shule. Wakacheka. Kekeo akasema mjadala umekuwa mzuri sana, na kwamba uzuri huo wenyewe ni sababu ya kutouharakisha.

Mama Ukoka aliweka kuyu kwenye ufa. Hakuwahi kusema mbele ya baraza.

"Waheshimiwa, naomba radhi. Mimi siwezi kusema mfungue au msifungue. Kideri kimenilia mume. Naomba tu mniambie ni lini, ili nikamwambie mtoto. Mvua inakuja, na mdomo wake unaanza kuwa mgumu."

"Mama," Kekeo alisema kwa upole, "mbona unajitesa? Mtoto hujifunza nyumbani. Mfundishe wewe."

"Mimi silijui fundo, Mheshimiwa. Nilichukuliwa kuleta makuyu kabla sijafundishwa."

Ikatoka sauti ndani ya shina, yenye furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Mnaona sasa? Huyu hakusoma hata siku moja, na makuyu anatuletea vizuri kabisa."

Baraza likacheka kwa heshima. Mama Ukoka alisubiri kicheko kiishe.

"Na watoto wako, Mheshimiwa Waziri," aliuliza taratibu, "wao wanajifunzia wapi?"

"Wangu wako mahali salama."

"Wapi?"

"Nimesema, mama, mahali salama."

Alimtazama Kekeo, manyoya yale ya kijani yanayong'aa, jicho lile jekundu analoliona kila asubuhi kiotani kwake likimwambia njaa. Neno lilifika kwenye ncha ya mdomo wake. Kusema hadharani kuwa Kekeo ana mtoto na mtoto huyo analelewa na mbeba makuyu, kungekuwa kumvua Waziri nguo mbele ya Mfalme. Aliona haya kwa niaba yake. Akafunga mdomo, akaruka kwenda zake.

Nyuma yake iliamuliwa kwamba shule ifunguliwe baada ya masika, hali ikiruhusu. Mwalimu wa mwisho alipoletewa habari alisema, "Baada ya masika mdomo wa nani utakuwa laini?" Asubuhi hawakumkuta. Wanasema alivuka bwawa, akaenda kwenye mti wa watu wengine.

Mvua ya kwanza iliwakuta adhuhuri. Kabla haijaanza, tarishi alikuwa amepita akitangaza kwamba Mfalme anataka makuyu ya akiba, kwa kuwa hapendi kula yaliyolowa. Mama Ukoka alikwenda. Upepo uliinuka alipokuwa amegandamana na shina la mvule, akipitisha kuyu ufani, na ndani akasikia makinda wa Mfalme wakigombania lipi ni kubwa.

Aliporudi, mahali pa kiota palikuwa na hewa.

Mama Sendo ndiye aliyesimulia, akiwa bado ameshikilia ukingo wa kiota chake. Kamba ilipoanza kuachia, Bwana Mkubwa aliogopa, hakuthubutu kuruka, akalia njaa kwa sababu hakuwa na neno jingine. Ukoka angeweza kutoka. Mabawa alikuwa nayo. Alitoka, akachukua unyasi, akarudi juu, akaanza kufunga.

"Nilimwambia, we mtoto, ruka," Mama Sendo alisema. "Akaniambia, ngoja, nakaribia kujua. Kiota kikaachia, kikamvuta naye hadi majini."

Kwenye kijitawi ulibaki unyasi mbichi, umezungushwa mara nyingi, kwa bidii, bila kufungwa. Kando yake lilibaki fundo la baba, zima, na kipande cha kamba kisichobeba kitu.

Siku ya tatu Mama Ukoka alikwenda mbele ya ufa. Baraza lilikuwa limekaa. Mdomoni hakuwa na kuyu.

"Kiota changu kimeanguka," alisema. "Kilikuwa na watoto wawili. Mmoja alikuwa wangu."

Kongoti aliinamisha upara wake. Kekeo alishusha pumzi ya huzuni, nzuri na ndefu.

"Pole sana, mama. Na huyo wa pili alikuwa wa nani?"

Ndege mmoja mmoja wakageuka, wakamtazama Waziri, na Waziri akamtazama kila anayemtazama, akingoja jina. Labda alifahamu, labda hakufahamu. Alirekebisha manyoya ya kifua. "Poleni wote," alisema.

Kutoka ndani ya shina Mfalme akauliza, "Makuyu yake yako wapi?"

Mama Ukoka aligeuka akaruka chini, na minana waliokuwa kwenye zamu wakabaki na makuyu yao midomoni, wakitazama alikokwenda. Wa kwanza aliachia lake likaanguka bwawani. Wa pili akaachia.

Walimkuta kwenye kijitawi chake, mbele ya fundo. Makinda wa majirani walikuwa wamekaa mbalimbali, mmoja tawi hili, mwingine lile, upepo ukipita katikati yao. Hapakuwa tena na mwalimu Mvuleni. Palikuwa na fundo alilolifunga mwalimu, na tangu zamani lilikuwa limebeba kiota, hivyo hakuna aliyeweza kuligusa. Sasa halikubeba kitu.

"Mimi silijui," Mama Ukoka aliwaambia. "Nitalifungua polepole. Nyinyi tazameni kila mkunjo unatokea wapi. Mtakaloliona, lirudisheni kwenye nyasi zenu."

"Ukilifungua halitarudi," alisema Mama Sendo. "Ni la marehemu. Ndilo ulilobakiwa nalo."

"Najua."

Huko juu sauti iliita makuyu, ikaita tena, na safari hii ilikuwa na kitu kipya ndani yake. Ukuta wa udongo ulikuwa umekauka kwa miaka mingi, na katika jamaa ile yote hapakuwa na aliyejifunza kuubomoa.

Mama Ukoka aliinama. Alitafuta ncha ya unyasi kwa mdomo wake mgumu, akaipata chini kabisa, pale mumewe alipoificha, akaivuta.